Mwenye Skafu na Soksi

Pale kwa dobi walimwita Karani, ingawa hakuwa na ofisi wala muhuri. Alikuwa mpiga pasi, meza ya tatu kutoka mlangoni, karibu kabisa na bomba la mvuke, na jina hilo alibandikwa kwa tabia yake ya kuandika nyuma ya tiketi za nguo. Mteja akishachukua suti yake tiketi hubaki. Wenzake walizitupa, yeye alizitia mfukoni mwa aproni. Ikifika jioni aproni imevimba mbele, na wenzake wanamuuliza kama anatarajia mtoto wa karatasi.

Jambo la pili lililojulikana juu yake ni woga. Simaanishi woga wa hapa na pale. Aliogopa mbwa, ngazi, radi, lifti, samaki wa miba, na mteja anayerudi ameshika shati mkononi. Akivuka barabara hushika mkono wa mtu yeyote aliye karibu, hata asiyemjua. Mtu wa namna hiyo hapati nafasi ya kupenda kitu. Wengine wana mpira, wana njiwa, wana maua kwenye makopo. Yeye alikuwa na woga wake, nao ulimpa kazi ya kutosha kutwa nzima.

Kwa hiyo aliazima mapenzi ya watu. Fundi wa mashine pale kazini alifuga njiwa, na alipoanza habari za njiwa wake, wenzake wote walijifanya wana shughuli, isipokuwa Karani, aliyesimamisha pasi hewani mpaka fundi mwenyewe akamwambia, "Dada, utaunguza kola." Kutokana na njiwa hao akaandika hadithi ya mama aliyekuwa akimngoja ndege kwa sababu alichoka kumngoja mwanawe. Mkunjaji, mwenzake wa meza ya pili, alikuwa mgonjwa wa mpira, anakunja mashuka huku akitangaza mechi ya juzi kwa sauti. Kutoka kwake ikazaliwa hadithi ya refa aliyemeza filimbi. Karani hajawahi kushika njiwa, wala hajakaa uwanjani dakika tisini. Alichokuwa nacho ni masikio. Mtu akizungumzia kitu anachokipenda sauti yake hubadilika, na Karani aliinusa sauti hiyo kama paka anavyonusa jikoni.

Hadithi zake alizipeleka kwenye kituo cha redio, kipindi cha saa nne asubuhi, na mbili zilikuwa zimekwisha kusomwa hewani. Jina lake hakulitia, maana aliogopa. Alijiandika "Msikilizaji Wenu". Mkunjaji peke yake aliijua siri, na aliitunza kwa shida.

Nyumbani Karani aliishi na mama mkwe wake, kwa kuwa mume alikuwa dereva wa lori na safari zake zilikuwa za siku kumi, kumi na mbili. Mama mkwe alishona sare za shule miaka thelathini, mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, asiyesifu chakula wala mtu. Lakini mvua zikianza alikuwa mwingine. Alfajiri anachukua kikapu, anaelekea kwenye shamba la misonobari nyuma ya bwawa la maji, na akirudi amejaa uyoga na maneno. Anaukata pale jikoni huku akiueleza, huyu wa rangi ya mkate, huyu anayenuka kama karanga, huyu wa kinafiki. Kwa kuwa alikuwa mshonaji, uyoga wote aliuvalisha. Kila mmoja alikuwa na kofia, wengine walikuwa na skafu, pete nyembamba shingoni, na wengine, chini kabisa udongoni, walikuwa na soksi. Na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale, akifuta kisu: "Mwenye skafu na soksi, mwache apite."

Uyoga wenyewe Karani hakuugusa. Alisema ana tumbo jepesi. Alikaa kwenye kigoda, anamenya vitunguu, masikio yamesimama, na mama mkwe akigeuka kuchukua chumvi yeye anaandika kwenye tiketi chini ya meza kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Mtu atauliza, kwa nini ajifiche? Naye alijiuliza hivyo baadaye, tena kwa machozi. Aliogopa kwamba mama mkwe angesema anachekwa. Aliogopa kuulizwa, "Na wewe nani kakwambia ni mwandishi?" Kwa hiyo alichukua kimyakimya, na alipokosa kuelewa hakuuliza, maana anayeuliza anajifichua.

Na kulikuwa na kitu kimoja asichokielewa. *Mwache apite.* Apite wapi? Mgeni akibisha hodi tunamwambia pita, pita ndani. Siku alipokuwa anaandika hadithi ya uyoga huo, jambo hilo lilimpitia kichwani mara mbili. Hadithi ilikuwa ya bibi mmoja mpweke anayeupokea uyoga kama wageni, na aliyevaa skafu na soksi alikuwa mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima hafungiwi mlango. Karani akaona maana imekaa sawa, tena imependeza. Ili msikilizaji asipate shida, akaifafanua: "Mwenye skafu na soksi, mpitishe ndani, ndiye mtamu kuliko wote." Akaisoma kwa sauti ya chini na akafurahi peke yake.

Hadithi ilikubaliwa. Mkunjaji alikuwa ameisoma kabla ya redio, kwa mwandiko, na siku moja kabla haijasomwa alimwambia Karani wakiwa wanavua aproni, "Kesho ni siku yangu ya mapumziko. Nikishakusikiliza, naingia kwenye misonobari. Nikukaribishie wale wageni wako."

"Nenda," Karani akacheka. "Uniwekee bakuli."

Saa nne ya kesho yake, redio ya fundi ikawekwa juu ya rafu ya sabuni. Msomaji alikuwa na sauti nzito nzuri, na alipofika kwenye skafu na soksi wapiga pasi wote walicheka. Karani alikandamiza uso kwenye shuka la moto ili wasimwone. Ilikuwa furaha kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata, na ilidumu kama dakika arobaini.

Mama mkwe aliingia na ndala za nyumbani, kilemba kimekaa upande. Hajawahi kufika pale kazini tangu mwanawe aoe. Alisimama mbele ya meza ya tatu, akashika ukingo wake ili apumue.

"Mkwe, ile hadithi ya redioni nani kaandika?"

"Sijui, Mama."

"Usinidanganye mimi. Hakuna mtu mwingine duniani anayeuvalisha uyoga sare za shule."

Karani akatazama chini. "Ni mimi. Nisamehe, Mama. Sikuwa na nia ya kukucheka."

"Kuchekwa siogopi. Kwa nini umewaambia watu wampitishe ndani?"

"Si wewe mwenyewe husema mwache apite?"

"Apite aende zake!" Mama mkwe alipiga meza na kiganja. "Apite, usimguse, ashike njia yake! Yule ni sumu, mwanangu. Anayemla hamalizi juma."

Pasi ilikuwa juu ya shati la mtu. Ilianza kutoa moshi na hakuna aliyeiondoa. Karani aliyasikia maneno yote mawili kwa pamoja, *pita ndani* na *pita zako*, na akashangaa yanavyofanana, yamevaa nguo moja. Kisha akakumbuka bakuli.

"Mkunjaji," akasema. "Mama, Mkunjaji ameenda kuchuma."

Simu ya Mkunjaji iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena, ikaita tena. Simu ya kituo cha redio ilikuwa inatumika, na kila mtu pale aliijua ratiba: hadithi ya saa nne hurudiwa saa tisa alasiri. Karani alisimama katikati ya duka anatetemeka kama nguo kwenye kamba. Alikuwa ameogopa vitu vingi maishani, lakini sasa akaona vyote vilikuwa mazoezi.

Mama mkwe ndiye aliyegawa kazi. "Wewe nenda kwa mwenzako. Mimi naenda redioni."

"Utawaambia nini? Hawatakuruhusu kuingia."

"Nitakaa mlangoni mpaka waniruhusu. Siogopi mtu pale, naogopa ngazi zao tu, na goti langu hili. Haya, ondoka!"

Fundi wa mashine alimpakia Karani kwenye pikipiki. Pikipiki nayo ilikuwa kwenye ile orodha ya vitu alivyoviogopa, lakini siku hiyo hakukumbuka.

Mkunjaji aliishi chumba cha mwisho kwenye nyumba ya vyumba sita, ukingoni kabisa mwa mji, mgongo umegusana na misonobari. Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya vitunguu na siagi ilifika hadi barabarani, harufu nzuri kabisa, na Karani akaichukia. Mkunjaji alikuwa amekaa mezani, simu iko kwenye chaji, imezimwa sauti, kijiko kiko mkononi.

"Eh! Umetoroka kazi?" akasema kwa furaha. "Bakuli lako lile pale, limefunikwa."

Karani alimpokonya kijiko. "Umekula kiasi gani?"

"Una nini wewe?"

"Vijiko vingapi?"

"Vinne. Vitano. Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Ni sumu. Nilikosea. Neno nililielewa vibaya." Hakuweza kusema zaidi ya hapo. Mkunjaji alimtazama, kisha akatazama sahani, kisha akacheka kidogo, akingoja mwenzake naye acheke. Karani hakucheka. Mkunjaji akaweka mkono tumboni taratibu.

"Lakini sisikii kitu," akasema.

Karani akampigia mama mkwe, ambaye alikuwa kwenye ngazi za redio, anahema. Mama mkwe akauliza swali moja tu: uyoga ulikuwa na soksi? Mkunjaji alisema hajui. Aliona wenye skafu, ndiyo, kadhaa. Soksi hakuziona kwa sababu aliukata kwa kisu, juu ya majani, ili asichafue mikono.

"Basi soksi zimebaki ardhini," mama mkwe akasema. "Mwenzako aende hospitali sasa hivi, pamoja na sufuria, asingoje kuumwa. Wewe ingia shambani, uchimbe vile visiki. Daktari akiona mguu wake atajua anapigana na nani."

"Peke yangu, Mama?"

"Peke yako."

Fundi akaondoka na Mkunjaji, sufuria limefungwa kwa taulo katikati yao. Karani akabaki uani na kijiko mkononi. Chini ya misonobari kulikuwa na giza la mchana, na ukimya ambao hata hatua zake mwenyewe haukuziruhusu kusikika, maana majani yale membamba yalikuwa yamelala tabaka juu ya tabaka. Aliingia akizungumza kwa sauti ili ajisikie. Alitaja vitu vya kazini, kola, pindo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kama anavyovifuata anapopiga pasi. Kitu kikavunjika nyuma yake, akapiga ukelele, akageuka, hakuona kitu. Alitaka kukimbia. Miguu ilikwisha kugeukia njiani. Akairudisha.

Visiki alivipata hatua ishirini kutoka kwenye ua, vyeupe, vimekatwa sawasawa, kazi ya mtu aliyezoea kukunja vitu vizuri. Vilikuwa saba. Akapiga magoti, akachimba cha kwanza kwa kijiko. Mguu mtupu, una udongo tu. Cha pili mtupu. Cha tatu, cha nne, cha tano, vyote peku, na moyo ukaanza kumdanganya kwamba yamekwisha. Cha sita peku. Akachimba cha saba polepole sana, kwa vidole, na kidole kikagusa kitu laini, kama mfuko mdogo uliochanika juu. Akafukua. Mguu mweupe ulikuwa umesimama ndani ya soksi yake, nadhifu, kama mtoto siku ya kwanza ya shule.

Alilia palepale kwa sauti. Alilia kwa sababu kilikuwa kizuri, kama alivyokiandika, naye alikuwa hajawahi kukiona.

Hospitalini daktari alikipokea kile kisiki, kimefungwa kwenye aproni ya Karani, na uso wake ukabadilika. Mkunjaji alikuwa amekwisha kutapishwa na kunyweshwa dawa nyeusi kama masizi. Alikuwa amelala, analalamika kwamba hana ugonjwa wowote. Daktari alimwita Karani pembeni. Sumu hii ni kimya, akasema. Mtu hula mchana akajisikia mzima, akacheka, halafu ndipo inaanza. Amekula kidogo na amefika mapema, tutamlaza, tutamwangalia. Karani akauliza kama atapona. Daktari akasema, "Tutamwangalia," akaondoka.

Mlinzi wa mlangoni alikuwa na redio ndogo. Saa tisa ilipofika Karani aliinua mikono azibe masikio, asiisikie ile sauti nzito nzuri. Lakini haikuja. Ilikuja sauti kavu, iliyosogelea kipaza sauti kupita kiasi.

"Mimi ndiye mwenye yale maneno ya skafu na soksi," mama mkwe alisema, na mlinzi akaongeza sauti. "Mimi niliyasema kwa mzaha, mkwe wangu akayasikia kwa heshima, ndiyo maana yakaharibika. Sasa sikilizeni. Mwenye skafu na soksi haingii ndani. Anapita anaenda zake. Na asiye na soksi pia, kama humjui, usimle. Kama sufuria liko jikoni, mwaga. Kama umekwisha kula, nenda hospitali sasa, hata kama hujisikii vibaya. Hasa kama hujisikii vibaya." Ikasikika anahema. "Basi. Nimemaliza. Nitokeje hapa?"

Watu wawili walipiga simu kituoni kusema wamemwaga. Wengine ambao hawakupiga simu walikuwa wangapi, Karani hakujua, na hajui mpaka leo. Kwa miezi mingi baadaye, kila tangazo la vifo lilipoanza redioni aliacha alichokuwa anafanya, akasimama wima.

Mkunjaji aliumwa kesho yake asubuhi, vibaya sana. Siku ya tatu macho yake yalikuwa ya manjano na hakumtambua Karani, na siku hiyo sitaki kuieleza. Siku ya tano aliuliza matokeo ya mechi. Daktari akasema ini limeumia lakini litajirudi, na Karani akaenda chooni akakaa sakafuni kwa muda.

Siku ya sita mama mkwe alikuja wodini na chupa ya uji. Wakakaa yeye na Karani, aliyetoka kazini na aproni yake, pande mbili za kitanda, Mkunjaji amefumba macho katikati.

"Sitaandika tena, Mama," Karani akasema. "Vitu vyenu nitaviacha. Si vyangu."

Mama mkwe alikuwa anafungua chupa. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utajua nakusikiliza."

Mama mkwe aliiweka chupa chini bila kummiminia mtu. Akatazama mikono yake, iliyokuwa na makovu madogo ya sindano.

"Wanangu walikuwa wananikimbia nikianza habari za uyoga," akasema. "Baba yao alikuwa analala palepale kwenye kiti. Miaka yote hii mimi najua naongea na sufuria. Kumbe alikuwepo mtu, anaandika kila neno, na amejificha chini ya meza." Akamtazama Karani. "Ungeniuliza swali moja tu, mwanangu. Moja. Ningefurahi mpaka nisilale."

 Machozi yalimtoka Karani, akatafuta kitu cha kujifutia, akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa tiketi. Akataka kuirudisha.

"Iache," mama mkwe akasema. "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Mwenye skafu na soksi." Akangoja. "Usimguse, usimlete nyumbani."

Karani aliandika, herufi zimelala huku na huku. Halafu akainua uso. Ilimchukua muda, kwa sababu hata hili aliliogopa.

"Mama," akasema, "kwa nini aliumbwa mzuri hivyo?"

Mama mkwe akasogeza kiti karibu na kitanda, akavua ndala, na akaanza kueleza, kwa ile sauti yake ya siku za mvua. Alieleza mpaka uji ukapoa. Alipofika mwisho akaamuru asomewe yote aliyoyasema, neno kwa neno, na Karani akaanza kusoma kwa minong'ono.

Mkunjaji akafumbua jicho moja.

"Sauti, Karani," akasema. "Safari hii na mimi nataka kusikia vizuri."